Theluji ya Jabal Shams Kabla ya Saa Tano

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Alhamisi, nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Sur nikipima upepo wa matairi, shangazi yangu alipofungua dirisha la jikoni kwake akaniambia nivae viatu. Nyumba zetu zinagawana ukuta mmoja, kwa hivyo tumezoea kupeana habari namna hiyo. Alininyooshea simu. Mlikuwa na video ya wanaume waliovaa majaketi juu ya kanzu, wanarushiana kitu cheupe, na nyuma yao mlima. Alfajiri ile theluji ilikuwa imeanguka Jabal Shams.

Nyinyi wa barazani kila mmoja amekwisha sikia kipande chake, huyu cha mbuzi, yule cha chumvi, na vipande hivyo vikiunganishwa vinatoa safari ambayo mimi sikuifanya. Naona bora niyaandike yote kwa mpangilio.

Sur

Shangazi yangu, Bi Zuhura, ana miaka sabini na saba. Alizaliwa Unguja, na darasani alikaa dawati moja na msichana aitwaye Salma. Watu walipotawanyika, yeye alikuja Oman na Bi Salma akaishia Denmark. Tangu hapo, kila baridi ikiingia huko, Bi Salma humletea picha: yeye na koti, yeye na theluji, yeye na watoto ndani ya theluji. Shangazi anazo kwenye bati la biskuti.

Mwaka juzi Bi Salma alifiwa na mumewe, na shangazi akamwambia kwa simu aache kukaa peke yake kwenye baridi, aje Sur. Bi Salma akamjibu kwamba yeye Zuhura hajui baridi wala hajui maisha ya kule, maana hajapata hata kukanyaga theluji. Shangazi akaapa kwamba hatampigia tena mpaka awe amesimama juu yake. Ilipita miezi kumi na tatu. Katika miezi hiyo Bi Salma alianguka jikoni, na binti yake akatuletea habari kwamba mama hatoki tena nje, anaogopa kuanguka, na kila Ijumaa anauliza kama kuna aliyepiga kutoka Sur. Shangazi aliisikia habari hiyo akalia, lakini hakupiga. Mnamjua. Kiapo chake hakina mlango wa nyuma.

Kwa hivyo theluji ile haikuwa matembezi. Ilitakiwa tufike, yeye asimame juu yake, na apige simu ya video palepale, kwa sababu picha, alisema, siku hizi zinatengenezwa na Salma angesema amechorwa. Binti alitueleza kwamba Ijumaa mama hushika simu saa mbili za kwao, na saa mbili na nusu anakuja mtu wa kumnyoosha viungo. Kwetu hiyo ni saa tano hadi saa tano na nusu. Nami nilikadiria kwamba theluji iliyo juani ingekuwa imekwisha saa nne, na ya kivulini isingevuka adhuhuri. Dakika thelathini basi, na mlima uko upande wa pili wa nchi.

Kuhusu upande wangu: nimesoma namna ya kuendesha gari kwenye theluji na barafu kwa muda wa miaka minne. Nina daftari la kurasa mia na kumi na mbili. Theluji yenyewe nilikuwa sijaiona, lakini nimefanya mazoezi kwenye tope la chumvi nje ya mji baada ya mvua, ambalo utelezi wake unakaribiana na ule ulioelezwa vitabuni. Gari langu linavuta kwa magurudumu yote manne. Nilipakia sepetu, kamba ya kuvutia, na gunia la chumvi la kilo ishirini na tano kutoka kwa mtu anayekausha papa, kwa sababu vitabu vyote vinakubaliana kuhusu chumvi.

Shangazi alivaa magauni matatu, soksi jozi mbili, jaketi la marehemu mumewe, na buibui juu ya vyote. Nje kulikuwa na joto la kukaushia nguo. Mwanaidi, anayemsaidia kazi za nyumbani, alikaa nyuma na mablanketi. Huyu kwao ni Machame, chini ya Kilimanjaro, na tangu asubuhi alikuwa hajasema neno. Nikamuuliza kama theluji ya kwao ni ya unga au ni ya kushikana.

"Sijui, Baba. Kwetu ipo tu, inakaa juu. Hakuna anayeifuata ila Wazungu na wabeba mizigo yao."

Tuliondoka saa sita na dakika tano.

Ibra

Katika ratiba yangu Ibra ilikuwa mahali pa kupita. Tulipoanza kuona minara yake shangazi alianza kujifunga ushungi vizuri, nikajua. Shemeji yake, Hamoud, ndugu wa marehemu, anakaa hapo. Nikamwambia kwa upole kwamba hatusimami.

"Tukipita Ibra bila ya kuingia kwa Hamoud," akasema, "kesho watasema mke wa ndugu yao ni wa Zinjibari, hana adabu. Neno hilo nimelifuta kwa fanjan moja moja ya kahawa, miaka hamsini. Leo ulirudishe wewe kwa ajili ya saa yako?"

Nikakata kulia.

Kwa wale wenu ambao hawana wakwe wa bara ya Oman, nieleze. Ukiingia unakaa. Unaulizwa habari, unajibu kwamba ni za kheri. Unaulizwa tena habari za huko utokako, unajibu kwamba hakuna habari, kheri tu. Baada ya hapo huja tende na kahawa, na fanjan inajazwa mpaka uitikise kuonyesha imetosha. Hufuata matunda, na baada ya matunda wali, kisha kahawa upya kana kwamba ya kwanza haikunywewa, na mwisho udi. Hakuna mlango wa kutokea katikati. Nilijaribu kuitikisa fanjan yangu baada ya moja, na shangazi akanitazama mpaka nikaipokea ya pili.

Matatizo yalikuja Hamoud alipouliza tunakwenda wapi. Nilimwambia kwa Kiarabu, kwa ufasaha wote nilio nao, kwamba tunampeleka shangazi mlimani akapate baridi. Akamtazama shangazi, aliyekuwa amevaa jaketi ndani ya chumba chenye feni na jasho linamtiririka. Akaniita pembeni akaniuliza homa imeanza lini. Nikasema hana homa. Akaniuliza daktari amesema nini. Nikasema hakuna daktari, anataka kusimama juu ya theluji. Akanishika mkono akanipeleka jikoni, akafungua friza, akaniambia kwa huruma kubwa kwamba barafu ipo, tusimchoshe mgonjwa na njia.

Kutoka hapo sikuweza tena kulisimamisha jambo hilo. Aliwaita wanawe. Shangazi alilazwa kwenye mto, akasomewa, akapuliziwa, akanyweshwa maji yaliyosomewa, na mfuko wa barafu ukawekwa juu ya ushungi wake. Nilimnong'oneza kwa Kiswahili aseme kwamba hana ugonjwa. Akanijibu, macho ameyafumba, kwamba kusomewa hakukataliwi, na kwamba ile barafu ilikuwa nzuri.

Tuliondoka Ibra saa kumi na moja kasoro dakika tano. Nilikuwa nimetenga dakika sifuri. Tulikaa saa mbili na dakika arubaini.

Samad

Kutoka Ibra nilishika njia ya Samad Ash-Shan, na humo mashambani niliona duka la vifaa vya kilimo lililo wazi. Vitabu vinasema kwamba kwenye barafu kali magurudumu hufungwa minyororo. Sikuwa nayo, kwa sababu hakuna mtu Sur anayeiuza, na duka hili lilikuwa limetundika minyororo mlangoni.

Mwenye duka aliniuliza ni kwa ng'ombe au kwa mbuzi. Nikasema ninahitaji minne, inayolingana. Akaniuliza uzito wa ng'ombe. Nikafikiri kidogo nikampa uzito wa gari. Akaweka chini fanjan yake. Akaniuliza ng'ombe huyo yuko wapi, nikamwonyesha gari, akaenda akachungulia ndani akamwona shangazi na jaketi lake, akarudi ameinamisha kichwa, akaniuzia mnyororo mmoja tu, mwembamba, kwa bei ya hasara, na akasema Mungu atufanyie wepesi na mgonjwa wetu. Nadhani hadi leo anasimulia kwake.

Mnyororo ule haukuingia kwenye gurudumu lolote. Niliuandika katika daftari hivyo hivyo.

Nizwa

Tulilala Nizwa, katika vyumba vya kupangisha. Kupanda mlima wenye barafu gizani ni kosa, ukurasa wa tatu.

Ijumaa tulitoka mapema, na hapa nilifanya kosa ambalo halimo kitabuni. Nilisahau kwamba Ijumaa asubuhi ni mnada wa mbuzi. Shangazi alitaka mkate na chai ya maziwa, nikasimama nyuma ya soko, tukashuka watatu. Gari nililiacha linanguruma bila ya kufunga milango, kama kila mtu alivyofanya. Lilikuwa Landkruza nyeupe katika safu ya Landkruza nyeupe. Nilizihesabu baadaye kwenye picha aliyopiga Mwanaidi: kumi na nne.

Msongamano wa pale ni wa watu wanaokwenda duara na mbuzi mikononi, na wanunuzi wanaopapasa mbuzi anayepita. Tulikaa humo dakika hamsini. Tuliporudi tuliingia garini tukaenda. Tulikuwa tumekwisha iacha Bahla nyuma Mwanaidi aliposema kwa sauti yake ileile:

"Baba, huyu mbuzi ni wa safari au ni wa kula?"

Nilitazama kioo. Nyuma ya kiti chake, juu ya mablanketi, alisimama beberu mkubwa mwenye nywele ndefu, amefungwa mguu kwa kamba, anatazama mbele barabarani kama mwanafunzi wa udereva. Mtu alikuwa amemnunua, akampakia katika gari jeupe la nduguye linalonguruma, na gari halikuwa la nduguye.

Nilitaka kugeuza. Shangazi aliuliza saa ngapi. Ilikuwa saa mbili na nusu. Kurudi Nizwa, kumtafuta mwenye mbuzi sokoni, kuulizana habari, kunywa kahawa. Tukatazamana. Hakuna aliyehitaji kufanya hesabu.

"Amana," akasema shangazi. "Tutairudisha mchana. Mfunge na ule mnyororo wako wa ng'ombe."

Kupanda

Baada ya Al Hamra na kijiji cha Ghul njia inaanza kupanda, na hapo ndipo tulipoiona theluji kwa mara ya kwanza. Ilikuwa inashuka. Vijana walikuwa wameirundika juu ya maboneti ya magari yao na wanaipeleka mjini kuwaonyesha watu. Mmoja alikuwa ameweka birika la kahawa juu ya rundo lake. Kila gari lililotupita lilimwaga maji.

"Simamisha mmoja," akasema shangazi. "Nitasimama juu ya boneti."

Nikamweleza kwamba ni saa tatu na dakika arubaini, Bi Salma hajashika simu, na rundo la boneti halina uhai wa zaidi ya nusu saa. Akakubali hoja hiyo, lakini kila gari lililopita alilihesabu kwa sauti, na alipofika kumi na tisa aliniuliza kama ninadhani wametubakishia.

Huko juu, palipokuwa peupe kwenye video, palikuwa na mawe na tope. Familia zilikuwa zimetandika mikeka juu ya theluji na zimewasha moto ili zipate joto, na kila mkeka ulikuwa umezungukwa na duara la maji. Tulipita hivyo kwa muda. Shangazi aliacha kuhesabu. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili mapajani.

Saa nne na dakika tano tulifika kwenye kona iliyo chini ya jabali, upande usioona jua. Barabara ilikuwa imeganda, na kando yake, kati ya lami na mwamba, palilala utepe wa theluji nyeupe isiyoguswa, urefu wa mikeka miwili. Tungeweza kusimama hapo hapo, tukashuka, tukatembea. Naliandika hili kwa sababu mmekwisha niuliza. Lakini mbele yangu palikuwa na barafu ya kweli, na miaka minne nyuma yangu.

Niliipima kwa miguu. Ilikuwa hatua saba. Nilipunguza upepo wa matairi, nikaingiza gia nzito, nikapitia ukurasa wa arubaini na moja, nikamwomba Mwanaidi asisogee. Nilipokuwa ninapitia ukurasa huo mara ya pili, pikapu kuukuu lisilovuta mbele, limebeba tangi la maji, lilikuja kwa nyuma, likatupita, likavuka barafu yote, na dereva wake akanisalimia kwa mkono ulioshika sambusa.

Niliingia saa nne na dakika ishirini na nane, gia ya pili, bila ya breki, mguu mwepesi. Kwa hatua nne kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa. Katika hatua ya tano mbuzi alihama kutoka kulia kwenda kushoto, na gari likamfuata. Kitabu kinasema utazame unakotaka kwenda. Nilitazama ninakotaka kwenda, na gari likatazama Nizwa. Lilizunguka taratibu sana, kwa heshima, likarudi kinyumenyume likaegemea mwamba, na magurudumu yake ya nyuma yakakaa katikati ya ule utepe wa theluji. Nilijaribu kutoka mara tatu. Yalizunguka tu.

Hakuna aliyeumia. Mbuzi alikaa chini.

Nilishuka nikaleta gunia la chumvi. Shangazi alishuka pia, kwa msaada wa Mwanaidi, na kabla ya kufika kwenye theluji alianguka mara moja kwenye barafu, akaketi juu ya magauni yake matatu bila ya madhara, akainuliwa.

"Hiyo nini?" akauliza.

"Chumvi, shangazi. Inayeyusha."

"Inayeyusha nini?"

Nikaona linakokwenda.

"Nassor. Nimetoka Sur. Ibra nimesomewa kama maiti. Nimepanda huku na beberu wa watu. Na wewe muda wote huu umebeba gunia zima la kuyeyushia kitu nilichokifuata?"

Nilisema punje chache tu, mbele ya magurudumu. Akasimama mbele ya magurudumu. Nikafunga gunia.

Saa nne na dakika arubaini Mwanaidi aligundua kwamba hakuna mtandao. Alikwenda huku na huko, ameinua simu yake, na kila alipokwenda hakukuwa na kitu. Shangazi alimfuata kwa macho. Ndipo alipotokea mtu kutoka nyuma ya jabali, mwenye bunduki ya zamani begani na mazulia mawili ya manyoya ya mbuzi juu ya bega jingine. Watu wa mlima ule huyafuma wenyewe na kuyauza kwa wageni. Niliharakisha kumuuliza mtandao unapatikana wapi.

Akatoa salamu. Akauliza habari. Nikasema kheri, mtandao uko wapi. Akauliza habari za huko tutokako. Hapo shangazi aliniweka kando kwa kiganja, akamjibu kwa ukamilifu, kama anavyopaswa kujibiwa mtu wa mlima aliye kwake: Sur kheri, mvua kidogo, samaki wapo, Ibra kheri, Hamoud hajambo na wanawe, Nizwa kheri, mbuzi wamepanda bei. Naye akampa za mlimani, baridi, mifugo, nani kaoa. Niliitazama saa ikitoka arubaini na nne kwenda hamsini na mbili. Walipomaliza akanigeukia, akaonyesha juu ya gari langu.

Mtandao, alisema, unapita juu. Wageni hupanda juu ya magari yao.

Lakini mtu hawezi kusimama juu ya gari na juu ya theluji kwa wakati mmoja. Nilianza kulieleza tatizo hili, na Mwanaidi alikuwa amekwisha vua viatu. Alipanda boneti, akapanda paa, akasimama huko na blanketi begani, akawasha simu yake igawie ya shangazi mtandao. Chini, simu ya shangazi ikaitika. Muuza mazulia, kwa ukarimu, alimtandikia shangazi zulia asije akateleza.

"Liondoe, mwanangu," akamwambia. "Nikisimama juu ya zulia nitakuwa nimesimama juu ya zulia."

Akaingia kwenye theluji, akaanguka mara ya pili, akainuka mwenyewe. Saa tano na dakika mbili. Akapiga.

Ililia kwa muda mrefu. Kisha kikatokea chumba chenye taa, na kiti, na mwanamke mzee amejifunika shali, anaitazama simu kwa karibu mno.

Shangazi aliigeuza simu chini, akamwonyesha miguu yake.

Bi Salma alitazama kwa makini. "Zuhura," akasema. "Hiyo si theluji. Hiyo ni mvua ya mawe iliyoshikana."

Nilifumba macho.

"Theluji ya kwetu ndivyo ilivyo," akasema shangazi. "Ya kwenu iko wapi?"

Bi Salma akaigeuza simu yake dirishani. Kulikuwa na mvua na miti mitupu. "Mwaka huu haikuanguka hata chembe," akasema. Na akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena. "Miezi kumi na tatu, Zuhura."

"Nilikuwa natafuta theluji."

"Kanyaga nisikie."

Shangazi akaishusha simu, akakanyaga. Ilitoa mlio kama wa mkate mkavu. Akakanyaga tena. Muuza mazulia, ambaye haelewi Kiswahili, alikuwa ameinama anasikiliza pamoja nasi. Mbuzi, ambaye Mwanaidi aliuacha mlango wake wazi, alifika hadi mwisho wa mnyororo akaanza kuila theluji upande wake, na Bi Salma akauliza yule ni nani. Akaambiwa ni mbuzi wa watu.

"Mimi sitoki tena, Zuhura. Naogopa. Nikianguka mara nyingine sijui kama nitainuka."

"Mimi leo nimeanguka mara mbili, na mara ya pili nimeinuka peke yangu. Vaa magauni matatu. Njoo kwangu uanguke, mimi nipo nitakuokota."

Bi Salma akajifunika shali lake upya. Nikapata nafasi ya kumwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza ni mimi niliyeendesha. Nikasema ndiyo. Akaniambia gari halikai hivyo. Mlango wa kwake ukagongwa, mtu wa viungo amefika, na kabla ya kukata akauliza, haraka, kama jambo dogo, Sur joto linaanza mwezi gani, asije akaja likamkuta.

Kushuka

Yamebaki mambo mawili, mbuzi na gari. Naanza na mbuzi, ingawa kwa mpangilio alikuja nyuma, kwa sababu ni mfupi. Mwenyewe tulimkuta Nizwa baada ya sala ya Ijumaa, amekaa palepale nilipoegesha, pamoja na nduguye na gari lake jeupe. Hakukasirika. Alikuwa na aibu kwamba amepakia mzigo wake katika gari la mwanamke mzee bila ya idhini, na kuiondoa aibu hiyo kulichukua tende, kahawa, matunda, wali, na kahawa. Tulifika Sur Jumamosi.

Gari, sasa. Muuza mazulia alipendekeza tuweke zulia moja chini ya kila gurudumu la nyuma, kwani manyoya hushika barafu. Hili halimo katika vitabu vyangu na nimeliongeza. Lakini zulia likipitiwa na gurudumu, alisema, limeuzwa. Akataka riali thelathini kwa kila moja, sitini kwa yote mawili. Nilijua kwamba hana mteja mwingine mlima mzima, naye alijua kwamba mimi sina njia nyingine ya kutoka, kwa hivyo tulikuwa sawa. Tulipatana kwa dakika ishirini, kwa adabu, magurudumu yanangoja. Alishuka hamsini, akashuka arubaini na tano, akaniambia ana watoto, nikamwambia na mimi ninao. Kwenye thelathini na tano tulishikana mikono. Katika kazi yote ya safari ile, hii ndiyo niliyoifanya vizuri.

Shangazi alikuwa bado amesimama kwenye theluji yake, anajifuta macho kwa ncha ya ushungi. Akauliza mtu huyu anadai kiasi gani. Muuza mazulia, ambaye ni mkweli, akasema alianza na sitini.

"Mpe sitini," akasema shangazi. "Nimemkanyagia theluji yake."

Mkono wangu ulikuwa bado umo mkononi mwa muuza mazulia. Nikampa. Mwanaidi akatandika, gari likatoka kwa mara moja, na sote watatu tukashuka hadi Al Hamra bila ya kuzungumza, isipokuwa shangazi, aliyekuwa anapanga Bi Salma atalala chumba kipi.

Mafuta, vyumba na chumvi siviiti hasara. Hizo ni gharama za safari, na zilikuwa ndani ya makadirio. Hasara ni kile nilichokuwa nimekwisha kiokoa kikanitoka: riali ishirini na tano kamili.